Watoto Wametoka Nje, Somo Limebaki Darasani

Watoto thelathini na kitu wa top class, darasa la mwisho la nasari, wamepangwa mistari miwili chini ya mwembe, kwenye kompaundi ya nasari moja pembezoni mwa Kampala. Sweta za bluu, soksi nyeupe. Mwalimu anagusa shina kwa fimbo. "Huu ni mti." Watoto wanaitikia kwa pamoja. "Hili ni jani." Wanaitikia tena.

Nyuma kabisa msichana mmoja amechuchumaa. Mbele ya viatu vyake sisimizi wanamburuta kumbikumbi aliyebakiwa na bawa moja, na bawa lenyewe limesimama wima kama tanga. Limekwama kwenye kijiti. Wawili wanavuta kwenda mbele, mmoja anavuta kurudi nyuma, wengine wanazunguka kijiti kutafuta upenyo. Mtoto ameinama mpaka shavu linakaribia udongo. Mwalimu anakuja, anamshika bega, anamwinua.

"Simama vizuri. Tunasoma."

Dakika chache baadaye mistari miwili inarudi darasani.

Tukio hilo limenikaa kichwani wiki baada ya wiki, na si kwa sababu mwalimu alikuwa mkali. Hakuwa mkali. Alikuwa mwalimu mwenye bidii, aliyetoka nje pale ambapo wengi wangebaki na chati ya ukutani. Tatizo ni kwamba alilibeba darasa zima, mistari yake, fimbo yake na viitikio vyake, akalitua chini ya mwembe.

Aliyekuwa nje kweli ni yule mtoto aliyechuchumaa.

Mahali pamoja, mara nyingi

Mtajie mkuu wa shule habari ya kujifunza nje, atafikiria ziara. Basi la kukodi, fulana za rangi moja, safari ya Entebbe kuona wanyama au kutembea kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898. Sina ugomvi na Entebbe. Lakini mwulize mtoto wa miaka minne alichokiona huko, atakueleza soda na dirisha la basi. Si kosa lake. Ameonyeshwa vitu hamsini kwa siku moja na hatavirudia tena mwaka huo.

Mtoto mdogo hawezi kuona kwamba kitu kimebadilika mpaka awe amekiona kabla hakijabadilika. Tundu lililokuwa wazi juzi leo limezibwa. Jani lililokuwa zima limetobolewa. Dimbwi limepungua. Haya ndiyo masomo ya kwanza ya sayansi, na yote yanadai kitu kimoja: kurudi palepale.

Kwa hiyo mshauri wenu yeyote akiwaambia mtafute msitu, mwulizeni kwanza kama upo umbali wa dakika tano kwa miguu ya mtoto wa miaka mitatu. Kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa darasa, chenye mti mmoja, udongo ulio wazi na majani yasiyofyekwa, mkikitembelea mara mbili kwa wiki kwa muhula mzima, kitafundisha kuliko msitu wa Mabira wa siku moja.

Hapa pana jambo ambalo walimu wengi hawaambiwi. Siku za kwanza ni vurugu. Watoto waliozoea benchi wakifika nje wanakimbia, wanapiga kelele, wanasukumana, wengine wanalia wakiogopa nyasi. Hakuna anayetazama mdudu. Mwalimu anarudi amechoka na koo limekauka, anasema watoto hawa hawawezi, na jaribio linafia hapo. Angevumilia, angeona mabadiliko karibu na ziara ya nne au ya tano: mbio zinapungua zenyewe, na mtoto mmoja anauliza lile tundu la juzi liko wapi. Swali hilo ndilo mlango. Kabla yake hakuna somo la kufundisha, kuna kuzoea tu.

Kukagua kabla ya watoto

Mtu mzima mmoja atangulie kila siku, hata kama jana palikuwa salama. Aanze kwa kutazama juu, maana hatari inayosahaulika ndiyo hiyo. Matawi makavu. Mafenesi yaliyoiva, kwa sababu tunda moja linaweza kuwa na kilo kumi au zaidi, na halitoi taarifa likidondoka. Mzinga wa nyuki kwenye pango la mti. Viota vya majimoto vilivyofumwa kwa majani kwenye miembe na michungwa. Kampala, ongeza na kaloli, wale korongo wakubwa wa jalalani: chini ya mti wanaolala hakukaliki.

Kisha atazame chini. Achukue fimbo ndefu apigepige nyasi na kukanyaga kwa vishindo, ili nyoka kama yupo aondoke mwenyewe. Aokote vioo, waya, nyembe na kavera, yaani mifuko ya plastiki. Akikuta msafara wa siafu, siku hiyo mahali ni pao. Msijaribu kuwageuza kwa jivu huku watoto wakisubiri. Hamieni upande mwingine.

Mimea inahitaji ukaguzi wa mara moja, lakini wa makini. Mbarika ina mbegu nzuri zenye madoadoa ambazo mtoto yeyote atataka kuzichezea, na mbegu chache zikitafunwa zinaweza kuua. Mnyaa, unaopandwa sana kama ua, una utomvu mweupe unaounguza macho. Ukiingia jichoni, mwoshe mtoto kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa robo saa na zaidi, halafu moja kwa moja kituo cha afya. Ule mti wa mapambo wenye maua ya njano kama kengele na matunda ya kijani yenye pembe una sumu ya moyo. Lantana, yenye vishada vya maua ya rangi mchanganyiko, ina vitunda vya kijani ambavyo si vya kuliwa. Mbarika na ule wa maua ya njano ningeing'oa bila mjadala. Lantana ningeiacha mbali kidogo, kwa sababu vipepeo wanaipenda, na sheria ya watoto iwe moja kwa mimea yote: hakuna kinachoingia mdomoni bila mwalimu kusema.

Wakati wa mvua yupo pia yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeacha kidonda kama cha moto. Haumi, hadungi. Sumu yake hutoka anapopondwa kwenye ngozi. Wafundisheni watoto kumpuliza, si kumpiga kofi, kisha kuosha mahali alipopita kwa sabuni.

Mpaka wa eneo uonekane kwa macho ya mtoto. Vitambaa vyekundu vikifungwa kwenye miti na vigingi kwa kimo cha kiuno chake vinatosha. Mpaka wa maneno, "msiende mbali," haufanyi kazi kwa mtu ambaye hajui mbali ni wapi.

Saa moja na robo

Muda mzuri ni kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa nne kasorobo asubuhi. Jua bado halijawaka, umande umeanza kukauka, na kurudi kwenu kunaangukia wakati wa uji, ambapo mikono ilikuwa ioshwe kwa vyovyote.

Kwanza choo, viatu, na hesabu ya vichwa. Viatu viwe vya kufunika, kwa sababu ya funza, na kwa sababu minyoo ya safura hupenyezea kwenye ngozi ya nyayo. Mwendo uwe kwa kamba yenye mafundo, fundo moja kila mita, mtoto mmoja kila fundo. Mwalimu mmoja mbele, mtu mzima mwingine mwishoni.

Mkifika, duara la dakika tano. Mwalimu ataje kitu kimoja tu cha kutazama leo, si vitatu. Kisha dakika thelathini na tano hadi arobaini za kucheza huru. Hapa walimu hukosea mpangilio: huweka kazi ya mwongozo mwanzoni, wakisema watoto bado wana nguvu. Ndiyo, wana nguvu, na ndiyo maana hawasikii. Mwili uliokaa kimya tangu asubuhi lazima kwanza ukimbie, upande, uburute magogo. Wekeni vijiti, magunia, vifuu, ndoo zilizopasuka, kamba fupi, halafu mwalimu akae. Akae kweli, chini, pembeni, akitazama.

Baada ya hapo, robo saa ya kazi moja ndogo, na waje wanaotaka. Mwanzoni watakuja watano. Msiwavute wengine, kelele za furaha za hao watano zitawaita. Mwisho, duara tena, dakika kumi, kila anayetaka aseme alichoona. Mkononi mwa mwalimu pawe na ngoma ndogo: mlio mmoja maana yake simama ulipo, milio mitatu maana yake njoo. Mazoezi ya ngoma yafanyike ndani ya kompaundi kabla ya ziara ya kwanza, mpaka hata mbishi asimame. Vichwa vihesabiwe kila dakika kumi.

Mtu mzima mmoja kwa watoto wanane ndiyo kipimo ninachokitetea kwa umri wa miaka mitatu na minne. Darasa la watoto arobaini na walimu wawili halitoki lote. Nusu itoke leo na mwalimu mmoja pamoja na wazazi au wasaidizi wawili, nusu ibaki, kesho wabadilishane. Kutoka na wote arobaini ndiko kunakomrudisha mwalimu kwenye mistari miwili na fimbo.

Kwenye mkoba: maji ya kunywa, jerikeni ya maji ya mikono yenye bomba, sabuni, plasta na bandeji, filimbi ya dharura, majamvi mawili, shuka jeupe, makopo ya plastiki yanayopitisha mwanga, na simu yenye chaji na salio. Shuka jeupe mnalitandaza chini ya kichaka, mnatikisa tawi, mnatazama kilichodondoka.

Sisimizi, sukari na mukene

Nirudi kwa sisimizi, kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kuona tofauti kati ya kufundisha mti na kufundisha mtoto.

Tafuteni msafara wa sisimizi wadogo kwenye ukingo wa baraza la saruji au kwenye shina la mti. Udongo tupu haufai sana. Njia yao haionekani vizuri. Shibiri moja kutoka kwenye njia, wekeni majani matatu yaliyolazwa: moja lina kijiko kidogo cha sukari, la pili unga wa posho, la tatu kipande cha mukene, yaani dagaa. Kabla ya kusubiri, kila mtoto aokote kijiwe akiweke karibu na jani analodhani litapendwa. Hesabuni vijiwe. Hapo tayari mna chati ya takwimu iliyolala chini, na hakuna aliyeogopa hesabu.

Kisha subirini dakika kumi, pengine zaidi. Makosa ya kawaida ni mawili. Mwalimu anaweka chakula katikati ya njia yenyewe, sisimizi wanakizunguka tu kama kizuizi. Au anafanya jaribio saa tano, saruji imeshapata moto na msafara umekwisha. Ikiwa usiku mvua ilinyesha na asubuhi kuna baridi, wanaweza wasije kabisa; mrudie siku nyingine na muwaambie watoto ukweli, kwamba leo hawakuja.

Wakishajipanga kwenda kwenye jani moja, mwalimu alowanishe kidole, afute mstari mmoja wa upana wa kidole kukata njia yao. Sisimizi wanaofika hapo watasimama. Watarudi nyuma, watazunguka, watagusana, mpaka mmoja avuke na wengine wafuate. Sababu ni harufu: kila anayepita huacha alama ya harufu chini, na wewe umeifuta.

Usiwaambie.

Hapo ndipo kazi yote ilipo, na hapo ndipo wengi wetu tunashindwa. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza masomo ya sayansi katika miaka ya 1960 na 1970, alikuta kwamba walimu baada ya kuuliza husubiri kama sekunde moja, kisha wanajibu wenyewe au wanamhamia mtoto mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na waliokuwa kimya walianza kusema. Sekunde tatu. Jaribu kuzihesabu mbele ya watoto wanane wanaokutazama, utaona zilivyo ndefu.

Maswali nayo yana ngazi. "Hii ni nini?" linaishia kwenye jina moja. "Wanafanya nini?" linazaa sentensi. "Unadhani kwa nini wamesimama?" linazaa fikra. Mtoto atasema wamepotea. Mwingine atasema barabara imekatika, au wameogopa maji. Majibu yote matatu yanaweza kupimwa. Kama wanaogopa maji, futeni kwa kidole kikavu mahali pengine muone. Mtoto wa miaka mitano akipendekeza jaribio hilo mwenyewe, mwalimu hana la kuongeza siku hiyo.

Na aseme kwa lugha gani? Kwa ile inayomtoka. Uwanja wa nasari zetu nyingi una watoto wa Kiganda, Kinubi, Kiswahili, Kilugbara na Kisoga kwa wakati mmoja. Kiingereza cha mdudu kitakuja baadaye. Mtoto akilazimishwa kutafuta neno la kigeni kwanza, fikra yenyewe inatoroka.

Mbegu zisizoota

Hakuna jaribio linaloharibika mara nyingi kama la mbegu, na kila mara sababu zinajulikana.

Mbegu za fenesi na embe hazivumilii kukaushwa. Mwalimu anaziosha, anazianika dirishani wiki tatu zikisubiri mada ya mimea ifike, halafu anazipanda zikiwa zimekufa. Zipandwe ndani ya siku chache tangu tunda lilipoliwa. Embe livuliwe gamba gumu la nje kwa uangalifu. Huota baada ya wiki mbili hadi nne, na huo ni muda mrefu mno kwa mtoto wa miaka mitatu. Kwake anzeni na maharage, ambayo huchomoza baada ya siku tano hadi saba.

Maharage yawe ya chakula, ya sokoni. Kamwe si mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi ya waridi au zambarau. Rangi hiyo ni alama ya dawa, na mikono ya watoto huenda mdomoni.

Kopo lisilo na tundu chini huozesha mbegu, kwa sababu kila mtoto atamwagilia, na atamwagilia tena. Tobolea matundu matano kwa msumari. Kina cha kupanda ni fundo la kwanza la kidole cha mtoto mwenyewe.

Halafu kuna kufukua. Mtoto atafukua mbegu siku ya pili kuona imefikia wapi, mwalimu atamgombeza, na somo litageuka kuwa la utii. Mpe kila mtoto mbegu tatu: moja haiguswi, moja anaruhusiwa kuifukua kila siku anapotaka, moja ya akiba. Baada ya wiki atakuambia mwenyewe ni ipi imeendelea. Kwa wanaotaka kuona mizizi bila kufukua, kata chupa ya plastiki juu, jaza udongo, ingiza maharage kati ya udongo na ukuta wa chupa, zungushia kitambaa cheusi. Kila asubuhi mnakivua, mnatazama, mnakirudisha.

Friedrich Froebel alipofungua shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, wazo la bustani lilikuwa la kweli: kila mtoto na kitalu chake kidogo, na vitalu vya pamoja pembeni. Sisi tumebaki na nasari, vitalu tumeviacha.

Anachosema mzazi

"Mwalimu, mimi nalipa ada mtoto asome, si achimbe udongo."

Neno hili si la kupuuzwa. Elimu ya awali hapa Uganda kwa sehemu kubwa inabebwa na mifuko ya wazazi. Shule nyingi ni za watu binafsi na za jamii. Na mwishoni mwa top class kuna intavyu ya P.1, darasa la kwanza la msingi, ambapo mtoto atapewa penseli na kuambiwa andika, soma, jumlisha. Mzazi anaujua mlango huo. Ukimjibu kwa maneno matamu kuhusu asili, atamhamisha mtoto, naye atakuwa na haki yake.

Nimejiuliza sana kama tunamdanganya. Jibu langu ni hili: nje peke yake haimfundishi mtoto kuandika herufi. Meza inahitajika, daftari linahitajika. Lakini kidole kisicho na nguvu hakishiki penseli, na nguvu hiyo hutoka kwenye kufinyanga udongo, kusokota nyasi, kufunga mafundo. Udongo wa kichuguu au wa ukingo wa kinamasi ndio unaofaa. Viringisha kijinyoo, kikunje kuwa pete, kisipopasuka udongo ni mzuri. Kumi inaeleweka haraka vijiti kumi vikifungwa mzigo mmoja. Na mtoto asiye na la kusema hana la kuandika. Mzazi aambiwe hivyo, kwa maneno hayo, na aonyeshwe.

Wala mwalimu havunji mwongozo wowote. Mwongozo wa elimu ya awali uliotolewa na kituo cha taifa cha mitaala mwaka 2005 una eneo zima la mtoto kuyachunguza na kuyajua mazingira yake. Ni ratiba zetu zilizoligeuza kuwa picha ya kupaka rangi.

Malalamiko ya nguo ni ya haki kabisa. Anayefua ni mama, kwa mkono, mara nyingi kwa maji ya kununua kwa jerikeni. Siku moja ya udongo iwe Ijumaa, sare inapokaribia kufuliwa kwa vyovyote, na mtoto aje na nguo kuukuu kwenye mfuko.

Magonjwa? Minyoo ni halisi. Dawa hutolewa bure kwenye kampeni ya afya ya watoto ya Aprili na Oktoba. Shule ihakikishe hakuna aliyekosa, na mikono ioshwe kwa sabuni, si kuchovywa. Maji ya ziwani na ya vijito hayachezewi kabisa, kwa sababu ya kichocho na ya kuzama. Lakini hewa na jua si adui. Rachel na Margaret McMillan walipofungua nasari yao ya wazi huko Deptford, London, mwaka 1914, waliwatoa watoto nje kwa sababu ya afya yao: walikuwa wa mitaa ya msongamano, wenye vifua vibovu na mifupa laini. Chumba kimoja chenye watoto sitini na madirisha mawili, kama vingi tulivyo navyo, kinaambukiza mafua kuliko uwanja wowote.

Mvua

Manyunyu si sababu ya kurudi ndani. Chora duara la chaki kuzunguka dimbwi kwenye saruji mvua ikikatika, chora tena baada ya nusu saa, na tena. Mtoto wa miaka minne ataona maji yakiondoka bila mtu kuyachota.

Radi ni habari nyingine. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule moja wilayani Kiryandongo, wakiwa ndani ya jengo. Kwa hiyo sheria ina sehemu mbili. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kwa mbali, ngoma inapigwa na wote wanaingia jengo imara, kamwe si chini ya mti, na hawatoki mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Ndani, wakae mbali na kuta, madirisha na vyuma. Na shule iweke kinga ya radi kabla ya kununua bembea nyingine.

Shule isiyo na uwanja

Katwe, Kisenyi, Bwaise, mitaa ya Kampala: darasa linafunguka barabarani. Kutembea na watoto wadogo kati ya bodaboda siwezi kukushauri. Gunia la udongo lililosimamishwa kwenye baraza, mboga zikipandwa juu na kwenye matundu ya pembeni, lina wadudu wa kutosha kwa muhula. Tairi kuukuu lililojazwa udongo na kuachwa bila kupandwa chochote ni bora zaidi, kwa sababu kitakachoota hakuna anayekijua, hata mwalimu. Mkiwa jirani na msikiti au kanisa lenye mti, ombeni ruhusa ya asubuhi mbili kwa wiki, kwa maandishi, mkiahidi kuacha pasafi.

Mtoto asiyeona, au anayetembelea kiti cha magurudumu, afikiriwe tangu kuchagua mahali, si baadaye. Njia iliyoshindiliwa ya upana wa mita moja na nusu, na kitalu kilichoinuliwa kufikia magoti yake akiwa ameketi. Mengi ya nje ni ya pua na vidole, hayasubiri macho.

Kona isiyofyekwa

Kikwazo cha mwisho kwa kawaida ni kompaundi nzuri. Nyasi za paspalum zimekatwa sawasawa, pevazi, yaani matofali ya njia, zimepangwa, na kibao kinasema usikanyage majani. Mkuu wa shule anajivunia, kwa sababu mzazi anayetafuta shule hutazama kwanza hapo. Sijawahi kuona faida ya kupigana na kompaundi nzima.

Omba mita nne kwa nne, nyuma, upande wenye kivuli cha asubuhi. Pasifyekwe wala kupuliziwa dawa muhula mzima. Zungushia vigingi vya mutuba vibichi mvua zinapoanza, mwezi wa tatu au wa tisa, vinene kama mkono, vikizikwa nusu mita. Vingi huchipua vyenyewe, na huo ndio mti ambao gome lake huvuliwa kutengeneza kitambaa cha asili cha Waganda, nao ukauguzwa na kuvaa gome jipya. Weka gogo moja linalooza, sahani ya udongo yenye maji ya kina cha kidole, inayomwagwa kila siku mbu wasizaliane, na rundo la majani makavu. Mwalimu awe na daftari moja: tarehe, jina la mtoto, alichosema, kwa maneno yake. Mistari mitatu kwa siku inatosha. Ijumaa, mstari mmoja uende kwa mzazi kwenye simu.

Na yule anayefyeka aonyeshwe vigingi mapema, kabla ya mashine kuwashwa, aelezwe kona hiyo ni ya nini. Kona nyingi hazikuuawa na mkuu wa shule. Zilifyekwa wakati wa likizo na mtu ambaye hakuambiwa.